Pipi Mpya Si Ile Iliyoandikwa "Mpya"

Anayependa pipi siku hizi hapewi nafasi ya kuchoka. Hajamaliza kuizoea chokoleti ya Dubai yenye njugu za pistashio na tambi za kunafa, kile kitamu cha Kiarabu, zimeshaingia pipi zilizokaushwa kwa baridi ambazo hupasuka mdomoni kama ganda la yai. Hajakaa sawa, zimefuata jeli zilizovikwa chembechembe za pipi nyingine, na chokoleti aliyoijua tangu utotoni inarudi ikiwa na rangi ya waridi. Kila pakiti ina kona yenye rangi kali na neno moja ndani yake: MPYA. Nami ni mmoja wa wanaolifuata neno hilo, hata pale ninapojua linanidanganya. Nilianza kula pipi kabla sijaota meno ya ukubwani, nikaendelea kuzila baada ya mawili ya hayo ya ukubwani kung'olewa, na sitaki kumdanganya mtu kwamba nina mpango wa kuacha.

Kuhusu wimbi hili watu wamegawanyika. Wapo wanaosema hatujawahi kupata neema kama hii, kwamba watengeneza pipi wamefunguka akili na mlaji ndiye anayefaidi. Wapo wanaosema huu ni mtego, kampuni zinawawinda watoto kwa rangi na vionjo vya ajabu ajabu. Wanabishana kweli kweli, lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kuna jambo moja wamekubaliana bila kulihoji: kwamba pipi mpya zimekuwa nyingi. Hapo ndipo ninapowaacha wote wawili. Upya unaotangazwa ni mdogo mno, mara nyingi ni matone machache ya harufu. Upya mkubwa unatokea bila tangazo, ndani ya pipi za zamani tunazodhani tunazijua.

Tuanze na hizo zinazotangazwa. Chukua jeli ambayo hujui ni ya tunda gani, fumba macho, bana pua kwa vidole, iweke mdomoni uanze kuitafuna. Utapata utamu, utapata uchachu, utasikia inavyonyumbuka kwenye magego, basi. Si chungwa, si stroberi, si nanasi. Sasa achia pua huku bado unatafuna: tunda linaingia ghafla, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Ulimi peke yake unatambua mambo machache tu, yaani utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule ukolezi wa mchuzi wa nyama. Yaliyobaki, yote tunayoyaita ladha ya embe au ladha ya zabibu, ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani. Watengenezaji wanalijua hili kuliko sisi. Sufuria ya jeli ina sukari, shira ya glukosi, maji, na gelatini au pektini ya kuigandisha. Mwishoni kabisa, mchanganyiko ukikaribia kumiminwa kwenye kalibu za wanga, ndipo zinapotiwa asidi ya sitriki, rangi na harufu. Kwa uzito, rangi na harufu ni sehemu ndogo sana ya pipi. Badilisha vichupa viwili tu, na sufuria ile ile inakupa aina nyingine ya kubandika neno MPYA.

Wala vichupa vyenyewe si vipya. Harufu ya ndizi kwenye pipi inatokana na isoamili asetati, ya zabibu za zambarau ni methili anthranilati, ya cheri ni benzaldehaidi. Kwenye Maonesho Makuu ya London mwaka 1851 wageni walikuwa tayari wanaoneshwa harufu za matunda zilizotengenezwa na wakemia, na watengeneza pipi hawakukawia kuzidaka. Kwa hiyo mtoto wa leo anayefungua "toleo maalumu" la ndizi ananusa kitu ambacho babu wa babu yake angeweza kukinusa. Nestlé ya Japani imetoa Kit Kat za ladha zaidi ya 300, ile ya chai ya kijani ikiwa maarufu kuliko nyingi. Nawapa heko kwa subira, na nyingi ya hizo ningezionja leo hii nikipewa. Ila ukizivunja, ndani ni wazo lile lile la mwaka 1935: biskuti nyembamba zilizopangwa na kuvikwa koti tamu.

Upya wa kweli katika fani hii huja kwa umbile, kwa jinsi kitu kinavyovunjika, kinavyoyeyuka au kinavyokataa kuyeyuka. Angalia sukari na maji peke yake. Chemsha hadi nyuzi 115 hivi za Selsiasi, poza, koroga kwa nguvu, unapata ute mweupe laini wenye chembe ndogo ambazo ulimi hauzioni. Endelea hadi karibu 150, acha bila kukoroga, kisha dondosha tone kwenye maji baridi. Linalia "ta!" na kuvunjika kama kioo. Na kweli ni kioo, maana sukari imeganda kabla haijapata nafasi ya kujipanga kuwa chembe. Hakuna kiungo kilichoongezwa, tofauti ni maji yaliyobaki na mkono wa mpishi. Kwa sababu hiyo uvumbuzi wa maana unahesabika. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt alipata njia ya kuisugua chokoleti kwa muda mrefu hadi ule mchangamchanga ulimini ukapotea. Mwaka 1922 Hans Riegel wa Bonn akatoa dubu wa jeli. Mwaka 1961 William Mitchell, mkemia wa General Foods, na mwenzake wakapata hataza ya kufungia hewa ya ukaa yenye mgandamizo ndani ya sukari iliyoyeyushwa, zikazaliwa pipi zinazolipuka mdomoni, ingawa zilifika madukani miaka ya 1970. Kati ya jambo moja na jingine unapita muda wa mtu kuzaliwa hadi kuitwa babu. Linganisha na kona zenye rangi kali zinazobadilika kila mwezi.

Kwa kipimo hicho chokoleti ya Dubai inaeleweka vibaya. Ilitoka kwenye kampuni ndogo ya FIX, iliyoanzishwa na Sarah Hamouda mwaka 2021, na video ya TikTok ya Desemba 2023 ikaifikisha kila mahali. Wakubwa, kampuni ya Lindt miongoni mwao, wakaja na za kwao. Wengi waliamini siri ni pistashio, wakaikimbilia hadi bei yake ikapanda kwenye masoko ya dunia. Mimi naamini siri ilikuwa sauti. Chokoleti nene inakatika polepole, halafu zile tambi zilizokaangwa zinalia chini ya meno kama majani makavu yanayokanyagwa, na krimu inafuata. Nimekula za kuigiza ambazo tambi zake zilikuwa zimelowa mafuta na kunywea: pistashio ilikuwepo tele, raha haikuwepo. Pipi zilizokaushwa kwa baridi ni hivyo hivyo. Ni pipi zile zile, zimegandishwa na kutolewa maji kwenye ombwe hadi zikavimba na kuwa nyepesi kama povu kavu, na mwaka 2024 hata kampuni kubwa ya Mars ikatoa pipi zake za Skittles kwa namna hiyo. Hizi mbili naziita mpya bila kusita. Zile ladha nyingine mia nitazila, lakini sitaziita mpya.

Sasa tugeuke upande usiotangazwa, ambao ndio ulionifanya niandike. Wakati macho yetu yako kwenye kona ya pakiti, pipi za zamani zinahama. Kakao ndiyo chanzo cha karibu. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Côte d'Ivoire na Ghana, na miti ya huko imezeeka, ina virusi vinavyovimbisha machipukizi, na ilipigwa na misimu mibaya mfululizo. Bei ya tani moja, iliyokuwa imezoeleka kwenye dola 2,000 hadi 3,000 kwa miaka mingi, ilivuka dola 12,000 Desemba 2024. Imeshuka sana tangu hapo, lakini jiko lililokwisha kujifunza kupika bila kakao nyingi halina haraka ya kusahau. Kuna njia tatu za kuponea: kupandisha bei, kupunguza ukubwa, au kupunguza chokoleti ndani ya chokoleti. Hii ya tatu ndiyo inayozaa "aina mpya". Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu chokoleti yenye kujazwa kuitwa hivyo ilimradi ganda la chokoleti lisipungue asilimia 25 ya uzito wote. Maana yake robo tatu inaweza kuwa kitu kingine. Anayetoa toleo lenye karameli ndani amepunguza kakao na kupata sababu ya kuandika MPYA kwa mkupuo mmoja.

Mbaya zaidi ni pale kitu cha zamani kinapobaki na jina lake. Mwaka 2016 Toblerone, chokoleti yenye vipande vilivyopangwa kama safu ya milima, ilipunguzwa kwa wanunuzi wa Uingereza, pakiti ya gramu 400 ikawa 360, na milima yake mashuhuri ikaachana kama meno ya mzee. Uzito uliandikwa, sikatai, lakini kwa maandishi madogo, na watu waligundua kwa macho. Mwaka 2025, huko huko Uingereza, biskuti za Penguin na Club zilipunguzwa kakao hadi zikapoteza haki ya kuitwa za chokoleti, zikawa za "ladha ya chokoleti". Neno moja tu limeongezeka, na ndani yake kuna kitu kingine. Hata kwenye ladha zenyewe mambo ni hayo hayo. Skittles za kijani nchini Marekani zilikuwa za ndimu, mwaka 2013 zikageuzwa kuwa za tofaa la kijani, na wapenzi wake wakalalamika miaka minane hadi ndimu ikarudishwa 2021. Miaka minane kwa pipi yenye ukubwa wa kifungo cha shati! Anayecheka hajawahi kupenda kitu kidogo kwa dhati. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakufikiria kwamba mbachao wenyewe unaweza kubadilishwa usiku tukiwa tumeulalia.

Upande wa wanaoutetea wingi una hoja moja nzito, na si ile ya ubunifu. Jeli nyingi hugandishwa kwa gelatini ya ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe. Kwa Waislamu, Wayahudi na wasiokula nyama, rafu nzima ya jeli ilikuwa mapambo tu. Kuongezeka kwa jeli za pektini, inayotokana na maganda ya matunda, na za gelatini ya halali kumewaingiza mamilioni ya watu kwenye raha waliyokuwa wakiitazama kwa mbali. Vivyo hivyo pipi zisizo na sukari kwa wenye kisukari, ingawa anayezila atafute kwanza kujua choo kiko wapi, maana maltitoli inayotiwa badala ya sukari ikizidi, tumbo halisamehi. Hoja hii naikubali yote. Nakumbusha tu kwamba huo ni upya wa sufuria, wa kiungo kinachogandisha, wala hautokani na kichupa cha harufu.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na ningekuwa mnafiki nikiiruka kwa sababu inanigusa. Mwaka 1981 mtafiti wa ulaji Barbara Rolls na wenzake walionesha kwamba watu waliopewa sandwichi za vijazo vinne tofauti walikula takriban theluthi moja zaidi ya waliopewa za aina moja. Shibe huja kwa kila ladha peke yake. Ukichoka na ile, hii bado inakuita. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa hiyo hata vichupa vile ninavyovidharau vina nguvu juu ya mkono wangu. Najua harufu ni kiini macho, na bado pakiti yenye rangi sita naimaliza, ya rangi moja naibakiza. Anayesema wingi wa aina unatufanya tule sukari zaidi ana ushahidi, na sina la kumjibu zaidi ya kusema kwamba tiba ni pakiti ndogo. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa kuliko zote: kwamba pipi za zamani zilikuwa safi, za sasa ni kemikali. Mwaka 1858 mjini Bradford, Uingereza, mtengeneza pipi mmoja aliagiza unga wa bei nafuu, wa aina ya jasi, wa kupunguzia sukari, jambo lililokuwa la kawaida. Muuzaji akakosea pipa, akampa aseniki. Watu kama 20 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua, kwa peremende tu. Hapo hatujataja pipi za karne ile zilizopakwa rangi zenye risasi na shaba. Hao ndio mababu wa pipi "safi". Woga wa rangi nao una historia yake ya kuchekesha. Mwaka 1976 M&M's nyekundu, zile chokoleti ndogo zenye ganda la rangi, ziliondolewa sokoni kwa hofu ya rangi ambayo hazikuwa nayo kabisa, zikarudi 1987. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3 na kuwapa watengenezaji wa vyakula hadi Januari 2027. Vichwa vya habari vikashangilia kana kwamba pipi imepona. Ukweli ni kwamba sheria ya 1960 inalazimisha kuondoa rangi yoyote iliyoonekana kusababisha saratani kwa wanyama, na panya dume walipata saratani kwa njia ambayo mamlaka yenyewe inasema haitokei kwa binadamu. Iondolewe, sina tatizo, kazi yake ni pambo tu. Lakini jeli iliyopakwa rangi ya kiazi sukari ina sukari ile ile, na jino halijui wekundu umetoka wapi.

Na jino lina kumbukumbu yake. Dada yangu alikuwa mmung'unyaji, mimi mtafunaji. Pipi yangu iliisha kabla sijakunja karatasi. Yake ilidumu, akiitoa mara kwa mara kuikagua imebaki kiasi gani, na wakubwa wakamsifu kwa subira. Majaribio yaliyofanyika hospitali ya Vipeholm, Sweden, miaka ya 1940 na 1950, kwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili ambao hawakuridhia kutendewa vile, na hiyo ni aibu isiyofutika, yalionesha kwamba kinachoozesha meno hasa ni sukari inayonata na inayorudi mdomoni mara kwa mara, kuliko jumla inayoliwa. Kila pipi inapoingia, bakteria hutengeneza asidi inayochukua nusu saa hivi kutulia. Kwa hesabu hiyo, subira ya dada ilikuwa hatari kuliko pupa yangu. Nilipomweleza haya ukubwani, alinijibu kwamba kati yetu wawili, aliyeng'olewa meno si yeye.

Ikiwa ninayosema ni kweli, basi tunapigania mahali pasipo vita. Wanaharakati wanapambana na ladha mpya, ambazo nyingi hupotea zenyewe baada ya msimu. Wapenzi wanazishangilia. Huku nyuma, pipi iliyodumu vizazi vitatu inabadilishwa mafuta, uzito na kakao, na taarifa pekee ni mstari wa viungo nyuma ya pakiti, ambao kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia. Mafuta ya mawese yakipanda juu ya kakao katika mstari huo, umeshaambiwa. Ninachodai ni kidogo: anayeruhusiwa kuandika MPYA mbele kwa sababu ya tone la harufu, alazimishwe kuandika IMEBADILISHWA mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule anapogusa mapishi ya zamani. Watasema hilo litawafukuza wateja. Pengine. Lakini limewahi kufanyika, tena na walewale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maziwa yalipoadimika Uingereza, Rowntree wa York, wenye Kit Kat kabla ya Nestlé, hawakuweza tena kutengeneza Kit Kat ya chokoleti ya maziwa. Wakatumia chokoleti nyeusi. Na ili mnunuzi asidhani anapata ileile, karatasi nyekundu ikawekwa kando, Kit Kat ikavishwa buluu.